Wendell Awajulia Hali Mazimwi

Wendell Haverkamp alikuwa na miaka sitini na minne, kilo mia moja na kumi na nane, na woga wa vitu alivyovipika mwenyewe jikoni kwake.

Afadhali tuliseme hili mapema, kwa sababu asiyemjua angemwona akishuka kwenye lori lake la gesi, mabega yameziba mlango, angedhani huyu ndiye wa kutisha wenzake. Wapi! Miaka thelathini na tisa alisambaza gesi katika kila nyumba ya Dornbusch na mashamba yanayoizunguka, kwenye barafu na kwenye matope, na mbwa wote wa upande ule wa Ohio walimheshimu. Radi hakuiogopa. Mwaka ule tangi lilipovuja nyuma ya shule, watu wazima walitimua mbio wakaacha hata kofia, yeye akaenda taratibu akafunga koki kwa mkono, kisha akaenda zake kula mchana. Lakini mwekee kinyago gizani, hata kile cha karatasi cha mtoto wa darasa la pili, uone jitu zima linavyorudi kinyumenyume.

Na Mungu, kwa utani wake, akampa Darla.

Miezi kumi na moja ya mwaka Darla Haverkamp alikuwa mpishi wa shule. Aliwapakulia watoto makaroni na jibini, akawafunga kamba za viatu, akawaita wote "kipenzi" maana majina yalikuwa mengi. Ukiingia Oktoba, kila Ijumaa na Jumamosi jua likitua, alikuwa Mama Bucha wa Kiwanda cha Mayowe. Kiwanda chenyewe ni kile cha zamani cha kusindika nyanya, ambacho zimamoto wetu wa kujitolea walikigeuza nyumba ya vitisho. Mtu huingia kwa mlango wa mbele, hupita vyumba vinane vyenye mazimwi, hutokea nyuma kwenye shamba la mahindi lililokatwa vichochoro vya kupoteza watu, na akibahatika kuvimaliza vichochoro, hukutana na banda la mbao. Humo ndimo alimokaa Darla.

Misimu ishirini na miwili alikaa humo. Watu walikuja kutoka Dayton, walikuja kutoka Indiana, na walikuja kwa ajili yake. Nyuma ya banda palikuwa na ubao wa chaki ambao mazimwi walichora alama moja kwa kila mtu mzima aliyejikojolea mbele yao. Mwalimu Kessen wa hesabu, aliyekuwa mchekeshaji anayetembea juu ya magongo marefu, alikuwa na alama kumi na nne na akajiona bingwa. Darla alikuwa na sitini na moja.

Wendell alihusika, msidhani alikaa bure. Yeye ndiye aliyepika damu, sufuria kubwa ya sharubati nzito ya mahindi, rangi nyekundu na kijiko cha kakao ili isikolee sana. Ndiye aliyechonga meno. Ndiye aliyeutoa mnyororo kwenye msumeno wa mashine, ubaki wa kunguruma tu. Alimpeleka Darla kwa pikapu, akaegesha mwisho kabisa wa uwanja, akafungua redio asikilize mpira wa shule, na thamosi ya kahawa mapajani. Mayowe yakitoka bandani, aliongeza sauti ya redio. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya kwa uaminifu.

Alijaribu kuingia mara moja, mwaka wa kwanza. Kwetu mwoga huitwa kuku, na kiwandani mna milango mitatu ya manjano kwa ajili yake. Ukishindwa, unasukuma wa manjano, kengele inalia juu ya kichwa chako, na watu wote walioko kwenye foleni wanakulilia ko-ko-ko-kooo mpaka ufike kwenye gari lako. Wendell alidumu dakika nne. Alitoka na mlango wenyewe, bawaba na yote. Tangu siku hiyo, kila alikopeleka gesi mwezi wa Oktoba alikuta yai limewekwa juu ya tangi. Aliyachukua yote, akayala, hakukasirika.

Basi mwaka huu magoti ya Darla yakakataa. Daktari akamwambia bandani imetosha. Alhamisi ya wiki ya mwisho wakawa jikoni, mume anakoroga damu, mke ameweka miguu juu ya kiti na barafu magotini.

"Ndiyo sufuria ya mwisho hii," Wendell akasema.

"Ndiyo ya mwisho."

"Sasa tutapumzika, mama. Jumamosi ya wiki ijayo tutakuwa kwa kina Homan tunacheza karata."

Darla akaisogeza barafu. Wendell akadhani barafu inamuuma.

"Wendell, unajua ni watu wangapi wameniona mle bandani?"

"Wengi."

"Norbert wa zimamoto anakisia laki moja. Mtu wa posta ameniona. Padri ameniona mara mbili. Dada yako, ambaye hata kunipenda hanipendi, ameniona akazimia. Wewe hujaniona."

"Ah! Mimi si nakuona kila siku?"

"Unamwona anayekuuliza soksi ziko wapi. Yule mwingine humjui." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema chumvi imekwisha. "Kitu kimoja tu duniani nakifanya vizuri kuliko mtu yeyote, mzee, na wewe unakaa kwenye gari unasikiliza mpira. Silaumu. Lakini inauma kidogo."

"Damu inashika chini," Wendell akasema.

"Koroga basi."

Akakoroga. Akakoroga sana. Kisha, akiwa bado amekiinamia kile chungu cha balaa, akasema, "Nitakuja Jumamosi."

Darla akacheka mpaka barafu ikaanguka. "Utakuja wapi? Mpaka mlango gani?"

"Mpaka kwako."

Hapo akaacha kucheka. Alimtazama mgongo, akaona masikio yamemwiva mekundu, akajua hatanii. Aliogopa kuongeza neno, lisije likamtoa mumewe ule ushujaa. Lakini usiku huo alikunja aproni yake ya bucha mara tatu, na kila mara akaifungua akaikunja upya.

Jumamosi saa moja jioni Wendell alikuwa kwenye foleni, kofia imeshushwa mpaka nyusi. Haikusaidia kitu. Mtu mwenye umbo lile hafichiki kwa kofia.

"Jamani, njooni muone!" akapiga kelele Bwana Osterholt, aliyekuwa akiuza juisi ya moto ya matufaha. Huyu ndiye mwandaa maiti wetu, na ndiye mtu pekee mjini anayekataa kuwa zimwi, anasema kazi haendi nayo kwenye burudani. "Wendell yuko foleni! Mtu amshike mkono asianguke!"

"Umekuja na mlango wa akiba?" mwingine akauliza.

"Ko-ko-ko," foleni ikaitikia, kwa upendo.

Langoni alisimama Norbert Bruns, mkuu wa zimamoto, amevaa helmeti. Alikuwa na kawaida ya kusoma sheria kwa sauti ya mahakamani. Usiliguse zimwi, na zimwi halitakugusa. Usikimbie ndani ya jengo. Na ile ya tatu, ambayo haipo katika nyumba za vitisho za miji mikubwa, ni yetu wenyewe: ndani ya uzio huu hakuna anayemjua mtu.

Mji una watu elfu moja na mia nne. Zimwi lolote ukilikwaruza rangi unakuta mtu aliyekusimamia ubatizo. Bila sheria hiyo tungekufa njaa ya woga. Kwa hiyo mtu akimtambua mwenzake chini ya kinyago, humeza jina lake, na mazimwi nayo hukutazama kama hayajawahi kukopa ngazi yako. Mama yake Trudy Homan aliwahi kusahau, akasema gizani, "Trudy, nyoosha mgongo," na jambo hilo lilisimuliwa miaka minane.

Norbert akamtia Wendell katika kundi moja na akina dada wawili wa Dayton, Arlette na Phyllis, wanawake wa makamo waliovaa sweta za maboga zilizofanana. Kila vuli walizunguka nyumba za vitisho za jimbo zima, kama wengine wanavyozunguka masoko.

"Tumeendesha saa nzima na nusu," Arlette akamwambia. "Tumesikia kuna mwanamke wa bucha hapa, ni moto wa kuotea mbali."

"Ndivyo wanavyosema," Wendell akajibu, na meno yakagongana.

"Wewe umeshawahi kumwona?"

"Hapana bado."

Mlango ukafungwa nyuma yao.

Chumba cha kwanza kulikuwa na mkanda wa kupitishia makopo, na juu ya mkanda maiti imefunikwa shuka. Wendell alijua shuka itafunuka. Mtoto wa miaka mitatu angejua. Hata hivyo kijasho chembamba kilimtoka, na upande wa kushoto akauona mlango wa manjano unamwita kwa jina. Akafanya anachofanya kila mtu asiyetaka kuona uso: akatazama chini. Na chini, pembeni ya shuka, zikatokeza raba nyeupe zenye kamba za rangi ya machungwa.

Sasa, mtu aliyeingia jikoni kwa watu miaka thelathini na tisa hujua viatu vya mji mzima. Maiti ikainuka na kuunguruma. Na kabla Wendell hajajua anafanya nini, maneno yakamtoka yenyewe.

"Lyle! Habari za jioni! Tangi lako limebaki robo, nitapita Jumanne."

Maiti ikatulia. Kisheria ilitakiwa iendelee kuunguruma, na kweli ikaunguruma, lakini kinyonge. Baridi lilikuwa limeshaanza kubisha hodi mjini. Baada ya kitambo ikanong'ona kutoka chini ya shuka, "Robo kabisa?"

"Robo kasoro."

"Basi pita Jumatatu."

Woga wote ukamtoka Wendell kama hewa kwenye mpira. Hivi dawa ndiyo hii tu! Misimu ishirini na miwili anateseka garini, kumbe mtu unamsalimia tu, anarudi kuwa Lyle wa duka la dawa. Akavuka chumba cha kwanza kifua mbele. Chumba cha pili palikuwa na daktari wa meno mwenye keekee na koti lenye damu, na huyo alikuwa daktari wa meno kweli, Gehret, hakuhitaji kuigiza sana. Wendell akamjulia hali, akamwambia lile gego la juu halijamsumbua tena. Chumba cha tatu, mwanasesere mkubwa kwenye kiti cha bembea, macho ya vifungo, akageuza kichwa polepole akikwaruza kucha.

"Trudy, mama ameshatoka hospitali?"

"Ametoka, ahsante, Wendell, anatembea vizuri," akasema mwanasesere, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Akina dada wa Dayton walisimama. "Wewe baba," Arlette akasema, "unafanya nini?"

"Nasalimia."

"Tumelipa kuogopa! Mimi hapa sijastuka hata mara moja. Dada yangu ana uwezo wa kuzimia, leo hajatoa hata chafya. Kama unataka kuwajua watu hali zao si ungewapigia simu?"

Wendell akaomba radhi, kwa sababu alilelewa vizuri, akaingia chumba cha nne akamwuliza mbwamwitu kuhusu bomba la jiko. Na chumba cha tano. Na cha sita. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anajiona simba. Akawa anajisemea moyoni, nitafika kwake, nitafika nikiwa nimesimama wima, nitamwambia, Darla, mke wangu, nimekuja, unaona? Alishaanza hata kutabasamu mwenyewe gizani. Kuta za kiwanda kile ni za mbao nyembamba na hazina siri, na mazimwi wa mbele walikuwa wanasikia zamu ya kila mmoja inavyokuja na jina lake. Wengine walivua vinyago kabisa wakangoja tu kuulizwa.

Chumba cha saba hakikuwa na zimwi. Kulikuwa na Norbert, tochi mkononi, redio ya upepo begani, uso umekunjamana.

"Wendell. Hapo hapo."

"Norbert, hebu ona! Nimepita sita! Sijasukuma mlango hata mmoja!"

"Umepita sita umeniulia sita. Makundi mawili nyuma yako yanacheka. Wamesikia kila kitu kupitia ukutani. Kuna mtu anamwita maiti wangu Lyle."

"Lakini ndiye Lyle."

"Mungu wangu. Najua ndiye Lyle!" Norbert akashusha pumzi. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza na lililofuata hakulipenda. "Sikiliza. Darla amesikia redioni. Amenituma nikwambie neno, nami nalisema kama alivyolisema. Amesema, kama anakuja kunisalimia mimi kama anavyowasalimia hao, mwonyeshe mlango wa manjano, akanisubiri garini. Amesema salamu anazo za kutosha nyumbani."

Ule ujasiri wote wa simba ulimshuka Wendell, ukamwacha mzee mnene aliyevua kofia kwenye korido ya kiwanda cha nyanya. Aliona alichokuwa anakwenda kukifanya. Alikuwa anakwenda kufika mbele ya mkewe, usiku wake wa mwisho, na kumvua mbele ya wageni kitu pekee alichokuwa bingwa nacho, amgeuze tena yule wa soksi. Na angelifanya hilo akitabasamu. Aibu ilimchoma kuliko kengele yoyote.

"Mlango ni huo," Norbert akasema kwa upole. "Nitaishika kengele isilie."

"Hapana," Wendell akasema. "Nitakwenda. Nitafunga mdomo."

"Ukifunga mdomo utaogopa."

"Najua."

Arlette alikuwa amesikiliza yote, mikono kiunoni. Akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Huyo mwanamke wa bucha ni mke wako?"

"Ni mke wangu."

"Yesu. Phyllis, ni mke wake." Akampokonya Wendell kofia, akamrudishia kichwani, akamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. "Sasa nisikilize mimi, nimefanya haya miaka kumi na sita. Kufunga mdomo huwezi, una mdomo mkubwa. Usiufunge. Ukiona linakuja jina, toa ukelele. Ukelele tu, bila neno ndani. Ndiyo malipo yao hawa watu, hujui?"

Chumba cha nane, kitu kikaning'inia kutoka darini kichwa chini. Wendell alimjua kwa kikohozi. Jina likapanda kooni, likafika kwenye ulimi, akalisukuma nje likiwa halina herufi hata moja: "Aaaaaaaah!" Ilikuwa sauti ya fahali aliyekanyagwa na trekta. Vumbi lilidondoka. Phyllis naye akapiga yowe kwa sababu ya Wendell, Arlette kwa sababu ya Phyllis, na kile kitu cha darini, ambacho kilikuwa kimeshaandaa jibu kuhusu bei ya gesi, kikafurahi mpaka kikajibembeza mara ya pili.

"Safi kabisa!" Arlette akasema, akihema. "Hayo ndiyo mambo!"

Wakatokea kwenye mahindi. Mahindi ya mwisho wa Oktoba yamekauka, yanaongea yenyewe hata bila upepo, na vichochoro vilipinda vikarudi vilikotoka. Ndani ya mahindi Wendell aliogopa kwa haki zote. Mwalimu Kessen aliwapitia juu ya magongo akicheka, na Wendell akalia machozi halisi akimshikilia mwanamke wa Dayton asiyemjua. Walipotea mara tatu. Kwenye kona moja ulikuwepo mlango wa manjano wa mwisho, umesimamishwa katikati ya mahindi bila ukuta, na ng'ambo yake uwanja wa magari, pikapu yake, redio yake, kahawa yake. Alisimama akautazama muda mrefu. Akina dada hawakumhimiza.

"Mguu haunyanyuki," akasema.

"Mwingine je?" Phyllis akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni nzima.

Akajaribu mwingine. Ule ulinyanyuka, wakaenda.

Banda lilikuwa na taa moja tu, ya manjano, juu ya meza ya kukatia nyama. Kwa muda wote ule Wendell alikuwa amejiandaa kwa ajili ya msumeno. Aliujua msumeno ule kila skrubu, alijua utakavyonguruma na upande gani, na alisema moyoni ukinguruma nitapiga kelele tu, halafu yamekwisha. Lakini hapakuwa na mngurumo wowote. Kulikuwa na mwanamke mzee amewapa mgongo, anafuta meza kwa kitambaa. Anafuta taratibu, kwa duara, kama mtu yeyote anavyofuta meza baada ya chakula. Aliifuta mpaka wakawa hawajui wafanye nini na mikono yao. Kisha akakamua kitambaa, kitone kimoja kikaanguka sakafuni, akageuka.

Wendell alimtazama usoni, kwa sababu ndicho alichokuja kufanya.

Yale macho hayakumjua. Miaka thelathini na sita macho hayo yalimwangalia asubuhi, yalimwangalia alipokuwa na homa, yalimwangalia siku walipomzika baba yake, na hakuna hata siku moja yalipomwangalia bila kumjua. Sasa yalimpita juu na chini, bila haraka, yakipima wapi pana nyama na wapi pana mfupa. Yalitua shingoni. Mwanamke yule akachukua kisu mezani, akakigusa ncha kwa kidole, na akatabasamu, na meno hayakuwa ya mtu anayemfahamu. Wendell alitafuta jina la kumwita asimamishe jambo hili. Alitafuta kwa juhudi zote, walau apate la kuligeuza ukelele. Hapakuwa na jina lolote kichwani mwake.

"Huyu," akasema yule mwanamke, sauti ya chini chini, akimwelekezea kisu yeye peke yake, "tutamtunza mpaka Krismasi."

Hapo ndipo msumeno uliponguruma.

Wale waliokuwa foleni wanasema yowe lililotoka bandani halikufanana na lolote walilowahi kulisikia katika misimu ishirini na miwili. Bwana Osterholt alimwaga juisi. Lyle alikuja nje na shuka yake. Wendell Haverkamp alitoka kwenye mlango wa mwisho, ule wa heshima, usio na rangi wala kengele, akiwa na kiatu kimoja, dada mmoja wa Dayton kila mkono, akakata uwanja hadi kwenye marobota ya majani makavu, akaanguka juu yake kifudifudi. Hakuna aliyemlilia kuku. Watu walisogea kumpa hewa.

Zimwi halivuki kizingiti cha banda lake, hiyo ni desturi ya kazi. Darla alivuka. Alikuja akichechemea kwenye nyasi, aproni imelowa, msumeno umezimwa unaning'inia mkononi, akasimama pale alipolala. Magoti yalimuuma, akaketi kwenye robota kando yake. Akatoa meno akayashika kiganjani.

"Wendell. Uko hai?"

Akaitikia kwa kichwa ndani ya majani.

"Hukuniita jina."

Wendell akageuka chali. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Alimtazama mkewe kwa uangalifu sana, kwanza mikono, halafu macho, kama anayethibitisha.

"Nililisahau," akasema.

"Jina langu?"

"Lako. Na langu pia." Mtu huyu hakuwahi kusema uongo hata kwa polisi wa barabarani, na Darla alilijua hilo. "Sikukujua, Darla. Mama yangu wee. Sikukujua kabisa! Nilidhani ndiyo nimekwisha."

Darla Haverkamp akaanza kulia, pale pale, mbele ya foleni nzima, machozi yakichora mistari kwenye damu iliyopikwa na mumewe. Alilia na kucheka. Akampiga ngumi ya begani, akampiga ya pili, akamshika sikio akambusu kwenye paji la uso, likabaki doa.

"Hivyo ndivyo nilivyo," akasema. "Umeniona sasa."

"Nimekuona."

"Nilikuwaje?"

"Ulikuwa wa kutisha sana," Wendell akasema. "Sijawahi kuona mtu akifanya kitu vizuri namna ile."

Norbert akaita kutoka mahindini, kundi jingine linakuja, yuko wapi Mama Bucha? Darla akafuta pua kwa pindo la aproni, akarudisha meno, akamshikilia mumewe bega ili apate kusimama. Akaenda zake bandani, na kabla hajafika mlangoni mwendo wake ulikuwa umeshabadilika, na Wendell, aliyekuwa amekaa akikitafuta kiatu chake cha pili, akajikuta amesogea nyuma.